UZI: Dawa za uvimbe wa utumbo (kolaitisi ya vidonda na Crohn, si saratani) na maisha ya kila siku. Madhara ya kuvumilia, ya kurekebisha, na ya kukimbilia hospitali

Bandarini_Malindi (mwenye uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa. Kliniki ya tumbo ina maswali mawili: umeenda choo mara ngapi, na kuna damu? Ukishajibu unaandikiwa dawa, unaambiwa urudi baada ya miezi miwili. Kinachomfanya mgonjwa aache dawa katikati ya miezi hiyo hakimo katika maswali hayo. Ni usingizi uliopotea, uso uliofura, kichefuchefu cha kila asubuhi, hamu ya ndoa iliyokwisha, mikono inayotetemeka.

Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kilitoa mwaka 1989 dodoso la maswali 32 la kupima hali ya maisha ya wagonjwa hawa. Kila swali lina alama 1 hadi 7, kwa hiyo jumla ni kati ya 32 na 224, na aliye juu ya 170 kwa kawaida huhesabiwa yuko vizuri. Maswali yana sehemu nne: tumbo, mwili kwa jumla, hisia, na maisha ya kijamii. Yaani sehemu tatu kati ya nne hazina habari na choo. Sioni kwa nini sisi tuulizwe robo tu.

Uzi ni wa kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, magonjwa mawili ya kudumu ambayo utumbo huwaka na kutoka vidonda. Ambaye hajathibitishwa, apimwe kwanza amiba na TB. Amiba hujifanya kolaitisi, TB ya utumbo hujifanya Crohn, na steroidi ikimezwa juu ya amiba utumbo unaweza kutoboka.

Tuanze na prednisoloni, ndiyo hiyo steroidi, na ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Mfamasia, karibu.

Mfamasia_Shela

Aleikum salaam. Ugonjwa ukichachamaa, mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5. Vyote humezwa kwa pamoja, asubuhi, baada ya kula. Watu huvigawa vinne asubuhi na vinne usiku wakidhani wanalihurumia tumbo, kisha wanashangaa hawapati usingizi. Mwili hutoa kotisoli yake, steroidi ya asili, kwa wingi alfajiri na kuipunguza jioni. Ukimeza usiku unauambia mwili kumekucha.

Baada ya wiki 1 au 2 dozi hupunguzwa miligramu 5 kila wiki: 40, 35, 30, hivyo hivyo mpaka iishe. Kabla hujatoka duka la dawa, omba kalamu, andika juu ya kalenda idadi ya vidonge vya kila wiki. Kosa kubwa hutokea wiki ya tatu au ya nne. Damu imekoma, mtu amechoka na uso wake kwenye kioo, anaacha ghafla.

Tezi za adrenali, zinazotengeneza kotisoli, zilikuwa zimepumzika kwa kuwa kotisoli ilikuwa inatoka kwenye kidonge. Aliyemeza zaidi ya wiki 3 akakata ghafla anaweza kuishiwa nguvu hata kusimama, akapata kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo, presha kushuka. Nyumbani watasema utumbo umerudi. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, huenda akahitaji sindano ya haidrokotisoni. Na anayetapika vidonge kila akimeza ni vivyo hivyo, asisubiri kesho.

Uso kufura, chunusi na njaa isiyoshiba hupungua dozi ikishuka. Uso huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Bi harusi mtarajiwa aambiwe mapema, asije akakata dawa kwa ajili ya picha.

Bint_Mkomani

Ahsante kaka. Swali: asubuhi baada ya kula, na Ramadhani je?

Mfamasia_Shela

Dada, anameza wakati wa daku. Dawa ya mara moja kwa siku haina shida hapo. Mesalazini nayo, dawa ya kutuliza utumbo isiyo steroidi, kwa wengi dozi yote ya siku yaweza kumezwa mara moja, kwa hiyo baada ya futari yatosha. Muulize daktari aandike hivyo kabla mwezi haujaandama.

Lakini anayeenda choo mara 6 na zaidi kwa siku, kuna damu, hiyo si hali ya kufunga. Atakauka maji na chumvi, hasa Ramadhani ikiangukia kaskazi. Upande wa sheria namwachia Maalim.

Maalim_Langoni

Mgonjwa ana ruhusa, na Al-Baqara aya ya 184 imesema wazi: atimize hesabu katika siku nyingine. Dawa ya kutia kwa njia ya nyuma inafunguza kwa madhehebu yetu ya Shafi, basi itiwe usiku.

Nalo la udhu, kwa kuwa huulizwa kwa aibu. Mtu ambaye upepo au uchafu humtoka pasi na kujizuia, muda wote, huyo ni mwenye udhuru. Asubiri wakati wa sala uingie, ajisafishe, avae kitambaa au pedi, atawadhe, asali papo hapo. Faradhi nyingine, udhu mwingine. Asiache jamaa kwa haya. Asimame safu ya nyuma karibu na mlango. Aliye na hali ya leo ndiyo kesho siyo, amuone sheikh wake, hukumu yake ni tofauti.

NesiMokowe

Nyongeza kwa prednisoloni, vitu ambavyo havisemwi dirishani.

Sukari. Ukimeza asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula utaambiwa uko sawa, nawe si sawa. Pimwa muda wa saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha usiku. Kiu isiyokatika na kukojoa kila mara ni dalili tosha za kwenda kupimwa. Na ile njaa ya prednisoloni isilishwe kaimati na sharubati. Mbaazi, mayai, samaki wa kuchoma.

Chumvi. Papa mkavu, ng'onda na achari ya ndimu zikae kando kwa wiki hizo, zinavuta maji mwilini na kupandisha presha. Miguu ikibonyea ukiitia kidole, nenda kapime presha.

Mifupa. Steroidi inakula mfupa tangu miezi ya mwanzo. Uliza kalsiamu pamoja na vitamini D uniti 800 kwa siku. Msiniambie Lamu kuna jua. Jua halipenyi buibui.

Hisia. Mtu mpole anakuwa mkali, analia, anazungumza usiku kucha, au anaanza kuona watu wanaomsema. Hutokea zaidi dozi ikizidi miligramu 40, mara nyingi wiki za mwanzo. Kabla hajapelekwa kutolewa majini, mwenye kumuuguza ahesabu vidonge na ampeleke kwa daktari aliyeandika. Dozi hurekebishwa na akili hurudi. Lakini isikatwe nyumbani.

Kaskazi_na_Kusi

Minyoo hamjaitaja. Pwani yetu watu hutembea peku mchangani, na kuna mnyoo aitwaye strongiloidi anayeingia kwa ngozi ya mguu. Anaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi kimya. Ukimeza steroidi, kinga inashuka, anazaana na kusambaa hadi mapafuni. Inaua. Daktari anaweza kupima au kutoa ivermektini kabla, mikrogramu 200 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 60 ni miligramu 12. Albendazoli iliyozoeleka ni dhaifu kwa huyu. Kumbusheni kliniki, huko Ulaya ilikoandikwa miongozo mingi mnyoo huyu ni nadra.

Bandarini_Malindi

Hiyo nimeiweka juu ya uzi. Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, nani ataieleza? Ndiyo wanayohamishiwa wengi ili waachane na steroidi, na wengi huitupa ndani ya mwezi.

Maabara_Kwanza

Huitupa kwa sababu hawaambiwi kwamba haifanyi kazi upesi. Inachukua miezi 2 hadi 3 ndipo nguvu yake ionekane, nacho kichefuchefu huja wiki ya kwanza. Mtu anaona hasara tupu.

Dozi kamili ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kilo moja ya mwili. Wa kilo 60 ni 120 hadi 150, lakini huanzia 50, hupandishwa pole pole. Kichefuchefu hupungua ukimeza na chakula kikubwa cha siku au wakati wa kulala.

Vipimo: jumla ya damu na ini kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo, kisha vinaachana taratibu mpaka kila miezi 3, maisha yote ya dawa. Si anasa. Dawa hii inaweza kuzima uboho usitengeneze chembe nyeupe, na mwenyewe usijue. Kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja, hao dozi ya kawaida kwao ni sumu. Weka karatasi zote za vipimo katika faili moja. Chembe nyeupe zikiwa 7, kisha 5.5, kisha 4.1, kila karatasi peke yake inasomeka "kawaida". Ukizipanga pamoja unaona zinateremka.

Tofautisheni haya matatu. Kichefuchefu na uchovu wa wiki za mwanzo, vumilia huku ukimjulisha daktari. Homa, vidonda vya koo, michubuko isiyo na sababu, pima damu leo. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya mgongoni, kongosho limewaka. Acha dawa hapo hapo, nenda hospitali, na usijaribiwe tena dawa hiyo.

Mfamasia_Shela

Na tafadhali, wenye azathioprini wasinunue Septrin kiholela wakipata kikohozi, inaongeza kudidimiza uboho. Kwa methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, ni hatari zaidi. Mwenye jongo anayepewa alopurinoli aseme anameza azathioprini, maana bila kupunguzwa mpaka robo au theluthi ya dozi, inajikusanya mwilini.

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Iandikeni siku kwa jina juu ya pakiti: "Ijumaa". Aliyeimeza kila siku anaweza kufa. Asidi ya foliki ni siku nyingine, si siku hiyo. Na mwanamke anayetaka mimba haitumii kabisa, huiacha miezi kadhaa kabla.

Bint_Mkomani

Na wale wengine wenye mimba? Wanawake wengi huacha kila kitu wakikosa hedhi.

NesiMokowe

Hilo ndilo kosa, mwanangu. Mbali na methotreksati, dawa nyingi kati ya hizi daktari huziendeleza. Ugonjwa uliochachamaa ndio unaoleta mimba kuharibika na mtoto njiti. Aende kliniki na pakiti zake mkononi, wala asiache kwanza ndipo aulize.

Nahodha_Matondoni

Ya wanaume mnaipita kimya. Salfasalazini, dawa ya utumbo ya jamii ya mesalazini, ndiyo rahisi kupatikana huku, na inapunguza mbegu za kiume. Nguvu zipo, kila kitu kipo, ila mbegu chache na dhaifu. Mwaka unapita, mke anasemwa, mke anapelekwa kwa mkunga na kwa mganga, mume hajaulizwa anameza nini.

Mfamasia_Shela

Umesema kweli nahodha. Na dawa yake ni rahisi: daktari ambadilishie mesalazini, mbegu hurudi kwa kiasi cha miezi 2 hadi 3. Bei ndiyo tatizo, mesalazini ni ghali zaidi. Kwa hiyo wengine hubadilishiwa kwa muda wa kutafuta mtoto tu.

Salfasalazini kwa ufupi: anzia miligramu 500 mara moja au mbili kwa siku, panda kila baada ya siku chache mpaka gramu 2 hadi 4. Ukianza na dozi kamili, kichwa kitauma na chakula kitakukinai. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, hata jasho laweza kuchukua rangi. Asidi ya foliki iandamane nayo. Mwenye mzio wa salfa asiiguse. Vipele vyenye malengelenge, midomo na macho kuchubuka: hospitali mara moja. Na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao Pwani ni wa kawaida kwa sababu ya historia ya malaria, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi na macho kuwa ya manjano, acha.

Mesalazini ni pole, ila ina mawili. Figo: pima kriatinini kabla, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. La pili ni la ajabu kidogo. Wachache huharisha zaidi kwa sababu ya dawa yenyewe, pamoja na homa, wiki mbili tatu za mwanzo. Daktari asiyejua huongeza dozi.

Kaskazi_na_Kusi

Vile vidonge vya mesalazini vya kutia nyuma vikiyeyuka kwa joto mnafanyaje? Nyumba nyingi hazina friji.

NesiMokowe

Usivifungue. Vitumbukize na karatasi yake ndani ya maji baridi dakika chache, au chini ya mtungi, vigande. Kisha nenda haja kwanza, lowesha kwa maji, lala ubavu wa kushoto, tia hadi kidole kiingie pingili mbili, tulia. Usiku ndiyo wakati wake. Tandika kanga kuukuu, dawa ile huacha madoa yasiyotoka. Kwa ugonjwa ulioko mwisho wa utumbo tu, hivyo hufanya kazi kuliko vya kumeza, watu huvikataa kwa haya tu.

Nahodha_Matondoni

Mtu akipunguza prednisoloni, magoti na mabega yanauma. Anapewa diklofenaki.

Mfamasia_Shela

Asipewe. Maumivu hayo ya viungo ni ya kushuka kwa dozi, huisha yenyewe au dozi hushushwa polepole zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha utumbo upya, na pamoja na steroidi huchimba vidonda vya tumbo. Parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku. Na loperamidi isitumike ugonjwa umechachamaa kwa damu na homa, utumbo mpana unaweza kufura na kupasuka.

Kaskazi_na_Kusi

Habbat soda je? Wengi hutumia pamoja na dawa.

Maabara_Kwanza

Kama kiungo cha chakula sina neno. Mchanganyiko wa chupa ya mitishamba, hapana, kwa sababu moja ya kimaabara: ini likipanda hatutajua ni azathioprini au ni chupa, na daktari atalazimika kukuondolea dawa iliyokuwa ikikufaa. Miraa na muguka nazo zisemwe. Zinaondoa usingizi na hamu ya kula, prednisoloni tayari imeuondoa usingizi. Ukijumlisha utapata mtu wa macho mekundu anayelaumu dawa peke yake.

Uchovu usiokwisha hata choo kikiwa kizuri: pima hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma) kabla ya kulaumu dawa. Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi, usidhani ni damu. Kidonge kimoja cha miligramu 200, siku moja ndiyo moja siyo, kinatosha wengi na hakikorofishi tumbo kama vitatu kwa siku. Kimezwe mbali na chai na mbali na kalsiamu, angalau saa mbili. Ugonjwa ukiwa mkali, chuma cha mshipani ni bora.

Bandarini_Malindi

Imebaki adalimumabu, sindano ya kushusha kinga. Wachache wanayo, lakini anayeitoa Mombasa kwenda Lamu ana kazi.

NesiMokowe

Kazi ni joto. Inahifadhiwa nyuzi 2 hadi 8. Ile asili, Humira, inaruhusiwa kukaa nje hadi siku 14, lakini chini ya nyuzi 25, na Lamu nyuzi 25 ni usiku wa kusi tu. Kwa aina nyingine soma kijikaratasi chake. Kisanduku cha baridi, vifuko vya barafu pembeni, taulo katikati, dawa juu ya taulo. Isigusane na barafu. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usiitumie. Kisanduku upande nacho ndani ya basi, kisitiwe buti, na kivukoni Mokowe kisiachwe juani mkisubiri boti. Kabla ya kuidunga iache nje ya friji nusu saa, ndani ya boksi lake, haitachoma sana.

Kabla ya dozi ya kwanza ni lazima upimwe TB na homa ya ini aina ya B. Baada ya hapo, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku au kukonda havisubiri tarehe ya kliniki.

Maalim_Langoni

Na anayekwenda Hija? Wanataka cheti cha homa ya manjano.

Mfamasia_Shela

Swali zuri, Maalim. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai. Anayetumia azathioprini, methotreksati, adalimumabu, infliksimabu (ya jamii yake) au dozi kubwa ya prednisoloni haichomwi. Ya uti wa mgongo haina kirusi hai, hiyo achomwe. Kwa homa ya manjano daktari anaandika cheti cha udhuru wa kiafya, na kituo cha chanjo za wasafiri kinakipiga mhuri katika kile kijitabu cha manjano. Kianze kufuatwa miezi kadhaa kabla ya safari, si wiki ya kuondoka, na mwenye kikundi cha Hija apewe nakala. Bora zaidi, anayejua ana nia ya Hija achanjwe kabla hajaanza azathioprini. Dozi moja sasa inahesabiwa ya maisha.

Maalim_Langoni

Jazakallah kheri. Nitawafahamisha wenye vikundi hapa Langoni.